Nafasi ya Herufi na Nafasi ya Mofimu

Katika Kiswahili sanifu, kiambishi cha wakati ujao -ta- huwa -taka- kinapofuatwa na kirejeshi: "atakayesoma", si "atayesoma". Mtunzi wa programu ya kusahihisha tahajia aweza basi kuamuru kwamba mfuatano "taye" ukataliwe uanziapo kwenye herufi ya pili ya neno. Amri hiyo italitupa "atayesoma", na pamoja nalo "atayeyusha", neno lisilo na dosari yoyote. Kompyuta imehesabu herufi tu. "Ye" hapa ni ya mzizi. Sharti neno lichanganuliwe kwanza kwa mofimu, ndipo katazo lielekezwe kwenye nafasi ya kirejeshi. Hata hapo, -ta- yenye kirejeshi katika ushairi wa pwani itapigwa mstari mwekundu, na mwanafunzi aliyeuzoea mstari huo atadhani malenga amekosea.