Mzigo wa Mwenzio: Fundisho la Wiriyamu



Ndugu wapendwa, tumeombwa kuzungumzia mshikamano kati ya wasomi na wanaharakati wa mataifa mbalimbali katika kupinga ukoloni. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mshikamano huanza pale mzigo huo unapoanza kutulemea sisi wenyewe. Tutazame tukio moja la nchi jirani ya Msumbiji.

Tarehe 16 Desemba 1972 askari wa Ureno waliingia Wiriyamu na vijiji vya jirani, katika mkoa wa Tete, wakaua watu karibu 400, wakiwamo wanawake na watoto. Mashahidi walikuwa wanakijiji wachache walionusurika, watu wasio na gazeti wala redio.

Mapadre waliokuwa Tete hawakuridhika kusema kwamba wengi wamekufa. Waliwasikiliza walionusurika, wakaandika majina ya marehemu, mmoja mmoja. Taarifa hiyo ilifika Hispania kwa siri, kisha ikamfikia Adrian Hastings, padre na msomi Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Uganda na Tanzania. Kwa mkono wake ilichapishwa katika gazeti la The Times la London tarehe 10 Julai 1973, siku chache kabla ya Waziri Mkuu wa Ureno, Marcelo Caetano, kuzuru Uingereza.

Wareno walijibu kwamba kijiji hicho hakipo. Lakini kijiji kisichokuwapo kingepataje orodha ya marehemu wake? Wanaharakati waliandamana London, na mwezi Desemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaamua kuunda tume ya uchunguzi. Utawala wa Caetano ulipinduliwa tarehe 25 Aprili 1974, na Msumbiji ikajitawala tarehe 25 Juni 1975.

Hatusemi kwamba karatasi ndiyo iliyoikomboa Msumbiji. Wananchi wake walipigana tangu mwaka 1964. Wala Kanisa lisijisifu. Mapatano ya mwaka 1940 kati ya Vatikano na Ureno yalilifungamanisha na serikali ya kikoloni, na maaskofu wengi walinyamaza. Tunachosema ni hiki: mwanakijiji alinena, padre aliandika, msomi alitangaza, mwanaharakati akaingia barabarani. Angekosekana mmoja, wote wangenyamazishwa.

Na sisi je? Mara ngapi tumewapokea vijijini mwetu watafiti wenye madodoso, wazee wakawaeleza machungu yao siku nzima, kisha wasione hata ukurasa mmoja wa kilichoandikwa? Huko ni kuchuma shamba la mwenzio. Na mara ngapi sisi wenyewe tumepaza sauti juu ya dhuluma bila kujua jina la hata mmoja wa waliodhulumiwa?

Basi, ndugu zetu, tuandike majina kwa uangalifu. Tuwarudishie wenye habari habari yao. Na aliye na kalamu akumbuke kwamba ameazimwa sauti na mtu asiyekuwa nayo.