Umashuhuri wa Zama Zetu katika Maumbo ya Sanamu za Kale



Mada niliyokabidhiwa yahusu wachongaji wanaoazima maumbo ya mabingwa wa kale na kuyavisha sura za watu mashuhuri wa leo. Na dai langu ni kwamba hukumu juu ya umashuhuri haimo usoni pa aliyechongwa, bali imo katika kitu ambacho sanamu imefanywa kwacho.

Desturi yenyewe si ngeni. Antonio Canova, Mtaliana, alimchonga Napoleon kwa marumaru, uchi, mfano wa Mars mungu wa vita, sanamu ya kimo cha mita 3 na zaidi iliyokamilika mwaka 1806. Walakini Napoleon alipoiona mwaka 1811 hakuiridhia, akaamuru isionyeshwe hadharani, na baada ya kushindwa kwake Uingereza ikainunua, ikatunukiwa Wellington, yule yule aliyemshinda, nayo ingali nyumbani mwake London. Marumaru, jiwe la mahekalu, ilikusudiwa kumpa taadhima ya mungu, naye mwenyewe akahofia kuchekwa.

Wachongaji wa zama zetu wameibadili malighafi kwa makusudi. Mwaka 1988 Jeff Koons wa Marekani alimwonyesha mwimbaji Michael Jackson amempakata sokwe wake, Bubbles, kwa muundo wa pembetatu wa Pietà ya Michelangelo, ambamo Bikira Maria amempakata mwanawe aliyekufa; ila badala ya marumaru alitumia kauri na rangi ya dhahabu, yaani kitu cha mapambo ya sebuleni, chepesi kuvunjika na chepesi kunakiliwa. Nakala zilifanywa tatu, na mojawapo iliuzwa New York mwaka 2001 kwa dola milioni 5.6.

Marc Quinn, Mwingereza, alikwenda mbali zaidi: mwaka 2008 mwanamitindo Kate Moss alisubiwa kwa dhahabu ya karati 18, kilo 50 hivi, karibu na uzito wa mwili wake, na sanamu ikawekwa British Museum miongoni mwa kazi za Wayunani. Akaiita Siren, jina la viumbe wa ngano waliowavuta mabaharia kwa nyimbo hata wakaangamia. Marumaru ya Canova ikivunjwa hubaki kifusi. Dhahabu hii ikiyeyushwa, sura hutoweka na bei hubaki sokoni, na hapo ndipo ilipo hoja yote juu ya mwili uliogeuzwa bidhaa.

Pengine mtu atapinga akisema kwamba kejeli inayonunuliwa na matajiri imekwisha kuwa sehemu ya soko inalolikejeli. Ni kweli; ila ukweli huo waithibitisha hoja, maana sanamu hizi hazikudai kusimama nje ya soko.

Napendekeza, basi, wanafunzi wetu wa sanaa wazoezwe kuuliza kwanza sanamu imefanywa kwa kitu gani, yaweza kunakiliwa mara ngapi, na ikiharibiwa hubakia nini. Swali la nani aliyechongwa lifuate baadaye.