Sabuni ya Nazi na Kalibu Yake

Leo twataka kusema nanyi habari za sabuni. Huenda wengine watacheka, maana sabuni ni kitu cha dukani. Lakini twawaomba mtege masikio, hasa ninyi wa Kisiwa Panza, kwa kuwa jambo hili lagusa minazi yenu, mwani wenu na mifuko yenu.

Katika mji wa Halab, nchi ya Shamu, watu tangu kale hupika sabuni kwa mafuta ya zaituni na mafuta ya matunda ya mti uitwao ghar. Huimwaga sakafuni, huikata vipande, huipiga mhuri, kisha huianika miezi mingi. Mwaka 2024 UNESCO iliiandika kazi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Sisi hatuna zaituni wala ghar. Je, tumenyimwa? La. Katika mafuta ya ghar mna asidi iitwayo lauriki, iliyopata jina lake kwa mti huo. Na asidi hiyo hiyo ndiyo karibu nusu ya mafuta ya nazi. Kwa sababu hiyo sabuni ya nazi ni ngumu, nyeupe, tena yatoa povu hata katika maji ya bahari, ambamo sabuni nyingine hushindwa. Kwa mtu akaaye kisiwani, ambaye kisima chake chaweza kuingia chumvi, hiyo si faida ndogo.

Kazi yenyewe ni hii. Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi, pima gramu 170 za kostiki soda na gramu 350 za maji. Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Tia soda katika maji. Kamwe usitie maji juu ya soda, maana yatafoka na kukuchoma. Usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa soda huila. Vaa glavu na miwani, na watoto wakae mbali, maana maji hayo hayana rangi, na mtoto mwenye kiu aweza kuyanywa. Yakiisha kupoa, yamimine katika mafuta, ukoroge mpaka yawe kama uji mzito. Hapo tia unga kidogo wa mwani uliokaushwa, na matone machache ya mafuta ya makonyo, maana yakizidi huwasha ngozi. Mimina katika kalibu ya mbao iliyotandikwa karatasi. Ikishika, ikate siku ile ile, kwani ikichelewa huvunjika. Kisha ianike kivulini wiki 4 au zaidi.

Sasa tuseme habari ya fedha. Mwani wa biashara ulianza kupandwa Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Huuzwa mkavu kwenda ng'ambo, na bei huamuliwa mbali na mikono iliyoufunga kambani. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri, haivumilii maji ya moto, nayo imekufa mahali pengi; iliyobaki zaidi ni spinosamu, ambayo bei yake ni duni. Ndiyo maana huko Paje, Unguja, wanawake waligeukia kutengeneza sabuni.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya. Sabuni hula mwani kidogo tu, wala haitamaliza mavuno yenu. Mwenye kuacha shamba lake la mwani kwa ajili ya sabuni aweza kukosa vyote viwili. Basi anzeni kwa kalibu moja. Mmoja apime, mmoja akoroge, mmoja aandike daftarini bei ya nazi, ya soda, ya karatasi na ya nauli ya mashua. Sabuni ya kwanza ioshe nguo zenu wenyewe. Ya pili ipelekeni kwa jirani, mkasikie asemalo. Ikiwa hesabu yaonyesha faida, ongezeni kalibu. Ikiwa haionyeshi, mmepoteza kilo moja ya mafuta, wala hamkupoteza nyumba.

Sisi tufundishao walimu twasema daima ya kuwa hesabu si ya darasani tu. Mizani na daftari vikiwa pamoja na kalibu, mama wa Kisiwa Panza ataijua bei ya jasho lake kabla hajaambiwa na mnunuzi.

Kwa herini.