VIRANJA WACHAGULIWE NA WENZAO

Maneno ya mwalimu mmoja wa sekondari kwa wazazi na wanafunzi, Ujiji



Nimeambiwa niseme juu ya kuwafundisha vijana demokrasi na haki za binadamu. Sitaanzia mbali. Nitaanza na mvuvi wa Kibirizi.

Katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, ule wa 1958 na 1959, haikutosha mtu kuwa mzima mwenye akili zake. Ilimpasa awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za siku zile, au awe amesoma mpaka darasa la nane, au awe na cheo kilichotambuliwa na Serikali. Na aliyepita mlango huo aliamriwa apige kura tatu kwa pamoja: ya Mwafrika, ya Mzungu na ya Mwasia. Mvuvi wetu alilijua ziwa usiku bila taa, akalisha mji, lakini kwa mkoloni hakuwa mtu wa kuulizwa. Elimu ikafanywa ukuta, na shule zenyewe zilikuwa za kuhesabu.

Ukuta ule ulivunjwa. Leo Ibara ya 5 ya Katiba yampa haki ya kupiga kura raia aliyetimiza miaka 18. Haulizwi cheti wala mshahara. Lakini haki za binadamu, kama ile ya kutoa maoni, ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, miaka 23 baada ya Uhuru. Tulichelewa, na tuseme wazi kwamba tulichelewa.

Sasa kijana wa kidato cha pili aweza kukutajia ibara hizo bila kukosea, akapata alama zote. Siku hiyo hiyo anatangaziwa viranja waliochaguliwa ofisini. Nami nina deni hapa. Zamani, katika shule moja ambayo si ya hapa, mtoto alinyosha mkono paredini akauliza, "Hawa wamechaguliwa na nani?" Akapigishwa magoti juani mpaka saa sita. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Juzi yake tu nilikuwa nimemfundisha uhuru wa maoni. Sikufungua mdomo.

Mwalimu Nyerere alikwisha kuandika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba wanafunzi washirikishwe katika kuamua mambo ya shamba la shule yao. Jembe tulilishika upesi, kuamua tukakuacha.

Najua wako wazee watakaosema nawafundisha watoto utovu wa adabu. Nisikilizeni kidogo. Mwaka 2024 ziwa letu lilifungwa, uvuvi ukasimama tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Nikalileta jambo hilo darasani. Wengine wakasema amri ni njema, kwani dagaa wamepungua. Binti mmoja, ambaye mama yake huanika dagaa, akasimama: "Sipingi ziwa kupumzika. Nauliza, waanikaji waliulizwa? Na daftari langu la muhula huu litoke wapi?" Darasa likanyamaza. Kisha kijana mwingine, mtoto wa mwenye mtumbwi, akamjibu hoja kwa hoja, bila tusi, na yule binti akamsikiliza mpaka mwisho. Utovu wa adabu uko wapi hapo? Nimehudhuria mikutano ya watu wazima isiyofika pale.

Mtoto aliyezoea kunyamaza shuleni atafika miaka 18, ataingia mkutano wa mtaa, na yakisomwa mapato na matumizi atatazama viatu vyake. Tutamlaumu kwa nini, nasi ndio tuliomzoeza?

Basi, wazazi, nina ombi. Shuleni petu viranja watachaguliwa Ijumaa kwa kura ya siri. Sanduku letu ni boksi la sabuni lililotobolewa juu. Wasichana wanagombea vyeo vyote, si usafi na jiko tu. Kura zitahesabiwa mbele ya macho ya wote, na nakala ya hesabu itabandikwa mlangoni. Njooni saa nane mchana, mkae nyuma. Ila usiku wa Alhamisi msimnong'oneze mtoto jina la mtu wa kumchagua.