Kilomita kwa Lita: Kioo cha Gari na Hesabu ya Daftari

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya Handeni na Korogwe)



Nimepewa nafasi nizungumze juu ya matumizi ya mafuta katika magari ya vyama vyetu. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo mbele ya bei ya mahindi na ufuta. Lakini mwaka huu lilikaribia kumfukuzisha kazi mtu asiye na hatia, nami nilikuwamo katika kikao kilichotaka kumfukuza.

Chama kimoja katika wilaya zetu hizi mbili kilinunua gari lililokwisha tumika Japani, la aina ya haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana. Magari ya namna hii yalianza kuuzwa kwa wingi huko Japani mwaka 1997, ilipotoka Toyota Prius. Gari la chama hicho halichomekwi kwenye umeme wa nyumbani. Umeme wake hutokana na injini ile ile, na nguvu inayorudi kwenye betri dereva akanyagapo breki au ateremkapo mlima. Mbele ya dereva kuna kioo kinachoonyesha kilomita ngapi gari limekwenda kwa lita moja.

Mwisho wa kipindi kioo kiliandika 21.4. Karani akachukua kilomita 1,840 zilizosafiriwa, akazigawanya kwa 21.4, akapata lita 86. Risiti zilikuwa za lita 95.5. Lita tisa na nusu zimekwenda wapi? Kamati ilijijibu upesi kwamba dereva amezinyonya kwa mpira. Mshahara wake ukakatwa, na barua ya kumwachisha kazi ikaanza kuandikwa. Naliomba wiki moja nichunguze.

Ndugu Makatibu, yafaa tujue kwanza kioo kile kinapima nini. Hakipimi petroli iliyomo tankini. Kompyuta ya gari hukadiria petroli inayopita kwenye nozeli za injini, kwa kuhesabu muda ambao nozeli zimefunguka. Umbali nao huhesabiwa kutokana na mzunguko wa magurudumu. Makadirio hayo yakipungua kidogo, kioo hujisifu. Matairi yaliyolika nayo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ile ile, gari likajihesabia umbali ambao halikuenda. Na kosa hili la matairi huingia katika kioo na katika daftari pia, hivyo halionekani kwa kuvilinganisha viwili hivyo.

Basi tulijaza tanki Korogwe hadi pampu ikakata yenyewe, tukaandika kilomita, tukafuta kumbukumbu ya kioo. Kwa siku tano nilikaa garini pamoja na dereva, tukienda Handeni na kurudi, njia ya kilomita kama 65, na kuzungukia vyama vya jirani. Kisha tulirudi kwenye pampu ile ile, gari likasimama mahali pale pale palipo sawa, tukajaza tena hadi pampu ikakata. Tulikuwa tumekwenda kilomita 611, na tanki lilipokea lita 31. Gawanya: kilomita 19.7 kwa lita. Kioo kiliandika 20.8. Hapakuwa na mpira wala debe, na bado kioo kilipunguza lita moja na zaidi ya nusu. Tulirudia mara mbili, na tofauti haikutoka mbali na hapo.

Kwa kipimo hicho, zile lita 86 za karani zilikuwa kwa kweli karibu 91. Nusu ya wizi ikawa imekwisha kujibiwa. Nusu ya pili niliikuta katika risiti zenyewe. Siku ya kwanza ya kipindi mafuta yalinunuliwa kwa shilingi, kama wengi wetu tunavyofanya, tanki halikujaa. Siku ya mwisho lilijazwa. Petroli iliyobaki tankini ilihesabiwa kuwa imechomwa. Ndugu Makatibu, hesabu ya daftari ni sahihi pale tu inapoanza na tanki lililojaa na kwisha na tanki lililojaa. Risiti ya kujaza mara ya kwanza haihesabiwi; zinahesabiwa zote zinazofuata.

Sisemi kwamba wizi haupo. Petroli iliyonyonywa haipiti kwenye nozeli, kwa hiyo kioo hakiioni kamwe. Risiti ndizo zinazoiona. Ndiyo sababu kioo na daftari vyote vina kazi, mradi tujue kwanza tofauti ya kawaida ya gari letu. Katika gari hili ni kama lita 5 katika kila 100. Ikifika 12 au 15, hapo katibu ana haki ya kuuliza.

Kuna kosa jingine nililoliona katika madaftari matatu. Gari likienda kilomita 65 kwa wastani wa 26, na kurudi na mzigo kwa wastani wa 13, katibu huandika wastani wa 19.5. Sivyo. Kwenda limekunywa lita 2.5, kurudi lita 5. Kilomita 130 kwa lita 7.5 ni 17.3. Jumlisha kilomita, jumlisha lita, ndipo ugawanye. Wala msisome kioo mkiwa mnateremka kutoka Soni kwenda Mombo. Hapo kila gari la haibridi ni malaika.

Na tusipange bajeti kwa karatasi ya muuzaji. Huko Marekani, mwaka 2013, kampuni ya Ford ilikishusha kiwango cha C-Max yake ya haibridi kutoka maili 47 hadi 43 kwa galoni, yaani kutoka karibu kilomita 20 hadi 18.3 kwa lita, ikawalipa fidia walionunua.

Kamati ilirudisha fedha zilizokatwa, na muhtasari ukasahihishwa. Dereva yupo kazini. Siku hizi yeye ndiye anayemwambia mhudumu wa pampu ajaze hadi ikate, na huandika kilomita kabla hajawasha gari.