Kusomesha Historia ya Dunia kwa Mizani ya Uadilifu

Nakala ya mhadhara wa Ramadhani uliotolewa Ghubra, Muscat, baada ya sala ya Tarawehe



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, ndugu zangu, kina mama mlio upande wa pili, na nyinyi vijana ambao najua mmechoka na kesho mna skuli: nakuombeni subira kidogo.

Siku chache kabla ya kuandama mwezi, kijana mmoja wa hapa petu alinijia na kitabu chake cha historia ya dunia. Akaniambia: "Sheikh, nimekisoma chote. Sisi tumo katika ukurasa mmoja tu, na humo tunagunduliwa." Nikacheka, naye akacheka. Kisha akaniuliza swali la pili, na hapo hakucheka: "Na hili jengine lililoandikwa, kwamba wazee wetu waliuza watu, ni kweli?"

Swali la kwanza nilimjibu papo hapo. La pili nilimwambia asubiri. Mhadhara wa leo ni kulipa deni lile, maana maswali yale mawili ni swali moja.

Tuanze na sinia ya futari. Jioni hii wengi wetu tumefungua kwa tende za nchi hii. Kisha ukaja muhogo wa nazi, na pilipili pembeni, na wengine wakapata mahindi. Muhogo, mahindi na pilipili asili yake ni bara la Amerika. Hakuna babu yetu wa zama za Kilwa aliyevionja. Ndizi na mchele tunaoula vilitoka Asia. Hata karafuu iliyomo katika pilau, ambayo tunaiita yetu kuliko kitu chochote, ni mti wa visiwa vya Maluku, Indonesia. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kupitia visiwa ambavyo Wafaransa walivilima katika Bahari ya Hindi. Na Msikiti Mkuu uliopo hapa hapa Ghubra, uliofunguliwa mwaka 2001, umejengwa kwa mawe yaliyoletwa kutoka India, na zulia lake lilifumwa na wanawake wa Iran. Basi mtoto anayekula futari yetu na kusali katika misikiti yetu anaishi ndani ya historia ya dunia nzima. Vipi asomeshwe kwamba historia hiyo ilianza Ugiriki, ikapita Roma, ikaishia London, na kwamba sisi wengine tulikuwa tumelala tukisubiri kuamshwa?

Qur'ani haikutusomesha namna hiyo. Makka ulikuwa mji uliozungukwa na majabali, na Waislamu wake walikuwa wachache wanaoteswa. Hata hivyo waliteremshiwa sura nzima inayoanza kwa habari ya Warumi kushindwa vitani, na ahadi kwamba watashinda baada ya miaka michache. Watu wanyonge wa Makka walifundishwa kutazama yanayopita baina ya Rumi na Fursi. Katika Qur'ani tunakutana na Misri ya Firauni, Saba ya Yemen, watu wa Aad na Thamud, na jeshi la tembo la Wahabashi. Tunaamrishwa tutembee katika ardhi tukatazame mwisho wa waliotutangulia. Na wahajiri wa mwanzo katika Uislamu walikimbilia Habasha, kwa mfalme Mkristo wa Kiafrika. Uislamu ulipata hifadhi Afrika kabla ya kupata hifadhi Madina. Hili nalo ni somo la historia ya dunia.

Sasa tuingie katika ule ukurasa mmoja. Unasema kwamba mwaka 1498 Vasco da Gama alifika pwani yetu na kufungua njia ya India. Lakini alifungua mlango upi? Katika mji wa kale wa Shanga, upande wa Lamu, wachimbuzi wamekuta misikiti iliyopokezana mahali pamoja tangu karne ya 8. Al-Masudi aliandika kwamba safari yake ya mwisho kutoka Qanbalu, ambacho wataalamu wengi wanakiona kuwa ni Pemba, kuja Oman, ilikuwa mwaka 304 Hijria, yaani 916 au 917 Miladia. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Sarafu ya Sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, imeokotwa Zimbabwe Kuu, na sarafu nyengine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga China, katika zama za safari za Zheng He, amirali Mwislamu wa Yunnan.

Na huyo Vasco da Gama alivukaje kutoka Malindi hadi Calicut? Alipewa rubani. Wengi wetu tumesimuliwa kwamba rubani huyo ni Ahmad bin Majid wa Julfar, bingwa wa elimu ya bahari. Wanahistoria wengi wa leo wameikataa riwaya hiyo. João de Barros, mwandishi wa Kireno wa karne ya 16, anamtaja rubani kuwa Mwislamu wa Gujarati. Iwe huyu au yule, mwenye kuongozwa njia na wenyeji hawezi kuitwa mgunduzi wa njia.

Kilichokuja kipya hakikuwa njia. Ilikuwa mizinga ya kutaka bahari iwe na mwenyewe mmoja. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Miaka miwili baadaye Afonso de Albuquerque aliichoma Muscat hii, na mwaka 1508 ikafuata Qalhat. Angalieni jinsi vitabu vinavyotutenga: Kilwa imewekwa katika sura ya Afrika, Muscat katika sura ya Mashariki ya Kati, kama kwamba hazijuani. Lakini moto ulikuwa mmoja, na waliouzima ni watu wa bahari moja: Wareno walitolewa Muscat mwaka 1650, na Fort Jesus ya Mombasa ikatwaliwa na Waomani mwaka 1698. Lugha yetu imehifadhi ushahidi. Wataalamu wanatueleza kwamba neno "gereza" lilitokana na neno la Kireno la kanisa, maana kanisa lao lilikuwa ndani ya ngome. Bandari na nanga tumezipata kwa Waajemi, na kitambaa cha "marekani" kilitujia kwa meli za Salem, Massachusetts. Kiswahili chenyewe ni daftari la dunia.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza, nalo ni tamu. Lau ningeishia hapa mngeniombea dua na kwenda zenu mkiwa mmefurahi. Lakini nitakuwa nimefanya lile lile ninalowalaumu wengine kwalo.

Nikupeni mfano wa nafsi yangu. Kwa miaka mingi, katika darsa za sadaka, nimesimulia kisa alichokiandika Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Anasema Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliitwa Abul Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Siku ya Ijumaa alipokuwa anatoka msikitini, fakiri mmoja wa Kiyemen alimwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia chumba cha khatibu, akazivua, akampa. Kisa kizuri mno, na mimi hapo ndipo nilipokuwa nikikomea kila mwaka.

Kisa chenyewe hakikomei hapo. Mtoto wa Sultani alizichukua nguo zile na kumpa fakiri watumwa 10 badala yake. Sultani alipoona watu walivyofurahi, akaamrisha aongezwe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watumwa 20, ndugu zangu. Ibn Battuta anaeleza pia kwamba Sultani huyo alikuwa akifanya mashambulizi katika nchi ya Zanj. Nilikuwa nakijua kipande hicho, na nilikuwa nakiruka. Nani aliyeniamrisha nikiruke? Hakuwa Mzungu. Ulikuwa ushabiki wangu mwenyewe. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, alipozitaja sababu za uongo kuingia katika habari, aliutaja kwanza ushabiki wa rai na madhehebu. Hakusema ushabiki wa Warumi peke yao.

Basi kijana wangu, kama umo humu usiku huu, jibu ni ndiyo. Ni kweli. Karafuu ile ya pilau, katika sehemu kubwa ya karne ya 19, ililimwa na kuchumwa kwa mikono ya watu waliotekwa kutoka bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, zama za Sayyid Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, na utumwa ukafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897.

Mtu atasema: na Wazungu je? Ni kweli. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani mwa wapagazi kutoka bara ziliishia Connecticut, zikachongwa vibonyezo vya piano. Historia ya dunia iliyo kamili itawataja wote: mtekaji, dalali, mnunuzi, na aliyekaa sebuleni akipiga piano bila kuuliza. Lakini kosa la jirani halijapata kuwa stara ya kosa la mwenye nyumba. Katika Suratun Nisaa tumeamrishwa tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Wazazi wametajwa kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo ulimi unapokuwa mzito.

Nami najua uzito wenyewe. Humu ndani wamo wazee walioondoka Unguja mwaka 1964 na nguo za mwilini tu, wakiwa wamewazika jamaa zao au wasijue wamezikwa wapi. Msiba wao ni sehemu ya historia, nao wana haki ya kusimuliwa bila kupunguzwa. Haki hiyo haipungui kwa kukiri ya wengine. Na tukumbuke kwamba miongoni mwetu tuliokaa safu moja usiku huu wamo wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa, na wengi wetu, tukiwahesabu mabibi zetu wote, ni wajukuu wa wote wawili. Ukimficha mtoto upande mmoja, umemficha bibi yake.

Nifunge kwa mambo matatu ya kufanya nyumbani. La kwanza, tundikeni ramani, na mumweleze mtoto kwamba kila ramani ina mwenye kuichora. Katika ramani ya Mercator, Greenland huonekana inakaribia Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko hiyo takriban mara 14. Al-Idrisi, mwaka 1154, alichora dunia na kusini ikiwa juu. La pili, mtoto akisoma habari yoyote, mfundisheni maswali ya wanavyuoni wa hadithi: nani kasema, kaipata kwa nani, na nani hakuulizwa? Aviulize vitabu vya skuli, na aniulize na mimi. La tatu, kaeni na wazee. Marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyefariki katika mji huu mwaka 1982, aliandika habari za wanavyuoni wa Afrika Mashariki ambazo lau si kalamu yake nyingi zingepotea. Chukueni simu zenu, mrekodi sauti za bibi zenu, na msizikate pale zinapouma.

Kijana yule alitaka kujua kama tumo katika historia. Tumo, tangu mwanzo: mabaharia, wanavyuoni, wajenzi na wakarimu, na pia madhalimu na waliodhulumiwa. Mola wetu ni Mola wa walimwengu, na siku ya kusimama mbele yake hatutaulizwa kama tuliwapendezesha wazee wetu. Tutaulizwa kama tulishuhudia kweli.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata. Warehemu wazee wetu, uwarehemu waliodhulumiwa wasio na wa kuwaombea, na uzitakabali saumu zetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.