MIAKA MIWILI YA MWANZO YA SEKONDARI: MPANGO WAKE NA MATUNDA YAKE

(Mazungumzo kwa wazee wa wanafunzi, walimu na watumishi wa Serikali)

Mtoto anapochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza, nyumba nzima hufurahi. Sare hushonwa, madaftari hununuliwa, na jamaa huja kutoa mkono wa pongezi. Baada ya furaha hiyo nyumba nyingi huingia usingizini. Mzazi hujiambia kwamba mtihani ulio mkubwa ni ule wa Kidato cha Nne, na kwamba miaka minne ni mingi. Mtoto naye huyashika maneno ya mzazi wake, akaona kuwa miaka miwili ya mwanzo ni ya kuizoea skuli tu. Anapofika Kidato cha Tatu ndipo huzinduka, na aghalabu huwa amekwishachelewa.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba Kidato cha Kwanza na cha Pili ndivyo vinavyoamua njia ya mwanafunzi, na kwamba miaka hiyo yahitaji mpango uliowekwa na mzazi, mwalimu na mwanafunzi mwenyewe tangu siku ya kwanza. Mfano uliochukuliwa ni wa Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, pamoja na mji wa Mikumi uliomo wilayani humo. Mtu wa Unguja au Pemba asione kuwa huko ni mbali. Mtihani wa Kidato cha Nne ni mmoja kwa Bara na Visiwani, na yanayomvuta mtoto wa Kilosa nje ya darasa yana ndugu zake Visiwani.

Ndugu Wananchi,

Jambo la kwanza katika miaka hiyo miwili ni lugha. Mtoto wa Bara aliyepita skuli ya msingi ya Serikali kwa kawaida husomeshwa kwa Kiswahili. Siku anayoingia Kidato cha Kwanza hukutana na Fizikia, Kemia, Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Basi si kwamba akili yake imepungua ghafla; ni mlango wa masomo uliobadilishwa. Chuoni mtoto hakabidhiwi msahafu kabla hajaijua alifu na be. Kadhalika, mwanafunzi asiyeijua lugha ya kitabu hawezi kukisoma kitabu. Atanakili yaliyoandikwa ubaoni na kukariri asiyoyaelewa. Aliyeishika lugha katika miezi sita ya mwanzo husoma miaka mitatu na nusu iliyobaki kwa nafasi. Asiyeishika hubeba mzigo huo mpaka chumba cha mtihani.

Jambo la pili ni siku zenyewe. Miaka miwili husikika kuwa ni mingi, lakini mwaka wa masomo wa Bara umehesabiwa kuwa na siku 194. Kwa miaka miwili ni siku 388. Mwanafunzi anayekosa siku moja tu kila wiki, kwa kwenda gulio au kulinda shamba, hupoteza siku zaidi ya 75 kabla ya kumaliza Kidato cha Pili. Hakuna mwalimu awezaye kumrejeshea siku hizo, wala hakuna masomo ya ziada ya mwezi mmoja yatakayoziba pengo hilo.

Jambo la tatu ni Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Huku Visiwani mtihani wa Kidato cha Pili husimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar. Wako wanaouona mtihani huu kuwa ni kero. Historia ya karibuni inafundisha vingine. Mwaka 2008, Tanzania Bara iliondoa sharti la kumtaka mwanafunzi aliyeshindwa Kidato cha Pili arudie darasa, na sharti hilo likarejeshwa mwaka 2012. Wanafunzi waliokuwa Kidato cha Pili mwaka 2010 walivuka bila ya kizuizi hicho, na wengi wao ndio waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000, kiasi cha asilimia 60, walipata daraja sifuri. Nchi nzima ilishtuka, tume ikaundwa, na mwezi wa Mei matokeo hayo yakapangwa upya.

Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi: uhaba wa walimu, wa vitabu na wa maabara, hasa katika skuli za kata zilizojengwa kwa wingi tangu ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004. Haitakuwa haki kuutupia mzigo wote mtihani mmoja. Hata hivyo, funzo moja limebaki. Aliyevuka Kidato cha Pili bila ya msingi hakuupata msingi huo Kidato cha Nne. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa daraja sifuri ni ghali kuujenga upya.

Ndugu Wananchi,

Tuitazame sasa Kilosa yenyewe. Mji huo uko kando ya Reli ya Kati na Mto Mkondoa, nao umezungukwa na mashamba, mengine ya mkonge yaliyoanza tangu enzi za wakoloni. Mwaka wa masomo huanza Januari, na masika hufika mwezi wa Machi, wakati mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ndiyo kwanza anaanza kuizoea lugha mpya. Mvua hizo ndizo pia zinazoita mikono shambani. Mkondoa ni mto usiodharauliwa: mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulifurika, maelfu ya watu wakayahama makazi yao na reli ikakatika. Mzazi mwenye mtoto ng'ambo ya mto au mbali na skuli hapaswi kungoja mvua inyeshe ndipo aulize mtoto atalala wapi. Dahalia, au nyumba ya jamaa mwaminifu iliyo karibu na skuli, yatafutwa mwezi wa Januari.

Ama Mikumi, mtihani wake ni wa namna nyingine. Mji huo umekaa juu ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, na hapo ndipo linapochipuka tawi la kuelekea Kidatu na Ifakara. Mabasi na malori hupita mchana na usiku. Kijana wa miaka kumi na minne akishika beseni la ndizi au la karanga hurudi nyumbani na fedha jioni ileile, ilhali daftari la Hisabati halimpi hata senti moja. Msichana naye huahidiwa mambo mengi na wasafiri ambao kesho hawaonekani. Fedha ya barabarani si haramu, lakini hununua siku za masomo kwa bei ndogo mno.

Ajabu ni kwamba mahali hapohapo ndipo ilipo neema ambayo mtoto huyo angeifikia kwa elimu. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Mtoto wa Mikumi humwona tembo kabla hajamwona katika kitabu. Lakini anayetaka kuwa mtaalamu wa wanyamapori, kupitia Chuo cha Mweka kilichoko Kilimanjaro au kile cha Pasiansi kilichoko Mwanza, hatapokewa kwa sababu amezaliwa karibu na tembo. Ataulizwa cheti chake. Vivyo hivyo, Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, pana kituo cha utafiti wa kilimo, chuo cha kilimo na chuo cha ualimu. Ruembe, upande wa kusini wa wilaya, pana kiwanda cha sukari. Tangu mwaka 2024, treni za umeme za reli mpya hupita Kilosa zikielekea Dodoma, zikipenya mahandaki yaliyochimbwa katika milima ya wilaya hiyo. Kazi zote hizi zinawataka watu waliosoma sayansi na Hisabati. Pasipopatikana wa Kilosa watatoka pengine, na mwana wa Kilosa atabaki kuwachuuzia karanga.

Hapo ndipo ulipo uzito wa Kidato cha Pili. Kwa mtaala uliotumika miaka mingi, wanafunzi wote walisoma Fizikia na Kemia katika vidato viwili vya mwanzo, na Kidato cha Tatu wakaruhusiwa kuyaacha. Wengi waliyaacha kwa kuwa msingi ulikuwa umekwishawapotea, si kwa kuwa walichagua njia nyingine. Aliyeacha hakujua kwamba siku ile alikuwa anaifunga milango ya uuguzi, uhandisi na maabara. Mitaala mipya, iliyoanza kutumika kwa hatua tangu Januari 2024, imeusogeza uamuzi mapema zaidi, kwani sekondari sasa ina mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Mkondo wa amali si jaa la walioshindwa. Fundi wa magari wa leo husoma vipimo na maelezo ya mitambo, na asiyejua hesabu hawezi ufundi huo.

Ndugu Wananchi,

Hivyo basi, mpango unaopendekezwa ni huu ufuatao.

Muhula wa kwanza wa Kidato cha Kwanza uwe wa lugha na mazoea. Mwanafunzi asome ukurasa mmoja wa Kiingereza kila siku kwa sauti, aandike maneno mapya kumi na kuyatumia. Mzazi asiyejua Kiingereza asione haya. Kazi yake ni kukaa karibu na kusikiliza kuwa usomaji unafanyika.

Muhula wa pili uwe wa kuziba mianya ya Hisabati. Sehemu, desimali na aljebra ya mwanzo ndiyo mizizi ya Fizikia na Kemia. Mwalimu amjulishe mzazi mapema mwanafunzi alipokwama, asingoje ripoti ya mwisho wa mwaka.

Muhula wa kwanza wa Kidato cha Pili uwe wa kutazama mbele. Mzazi na mtoto waketi pamoja, wamwite mwalimu wa somo, waulize: mtoto huyu anapenda nini, anaweza nini, na kazi anayoitamani inataka masomo gani? Jibu liandikwe daftarini.

Muhula wa mwisho uwe wa Upimaji wenyewe. Mitihani ya miaka iliyopita ifanywe kwa saa, na kazi za nyumbani zipunguzwe, hasa kwa wasichana, ambao mara nyingi hushika ndoo, jiko na mtoto mdogo kabla ya kushika kitabu.

Ikiwa msichana amepata ujauzito, mlango haujafungwa. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi wa Bara waliokatiza masomo kwa sababu hiyo wataruhusiwa kurejea skuli. Kadhalika, ada katika skuli za sekondari za Serikali, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, iliondolewa kuanzia Januari 2016. Zanzibar ilikwishatangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964. Kwa hiyo ada si hoja tena. Kilichobaki ni chakula, sare, madaftari na uangalizi, na uangalizi hauna bei.

Watumishi wa Serikali nao wana wajibu wao. Sheha huku Visiwani na mtendaji wa kijiji kule Bara wajue ni watoto wangapi wa mahali pao walioingia Kidato cha Kwanza, na wangapi wangali darasani mwezi wa Juni. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo ripoti ya kweli.

Mzazi wa Pemba wakati wa msimu wa karafuu, mzazi wa Paje wakati wa kuvuna mwani, na mzazi wa Nungwi anayemwona mwanawe akizunguka na wageni ufukweni, wote wamesimama pale alipo mzazi wa Mikumi kando ya barabara. Kumzuia mtoto asiifuate fedha ya leo ni jambo zito, na pengine mtoto atanuna na kulia. Wazee wa zamani wamekwishasema: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Miezi ishirini na nne si mingi. Aliye na mtoto Kidato cha Kwanza aanze kuihesabu leo.